Maiki ya laptopu na bei za dagaa: nani anasikia?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Ofisi yangu ni chumba kimoja. Humo napanga bei kwa simu na wanunuzi wa Kongo, humo nahesabu fedha, na laptopu iko wazi mezani kutwa. Ni HP EliteBook ya mtumba, ina Windows 10. Kijana mmoja aliniambia ndani yake kuna msaidizi wa sauti anaitwa Cortana, anasikiliza kila neno. Nikamwomba amwondoe, akamwondoa. Lakini bado kialama cha maiki kinatokea pembeni ya saa, kinakaa kidogo, kinapotea. Juzi tumeongelea neti za kuanikia dagaa, jioni nikaona tangazo la neti. Mdogo wangu ana Mac, anasema yake haina tabia hizo. Je, nasikilizwa? Na nifanye nini bila kununua nyingine?

JIBU: Salama, dada. Nianze na hicho kialama, maana katika yote uliyoandika ndicho ushahidi pekee ulio nao mkononi. Windows 10 ilianza kukionyesha kwenye toleo la Mei 2019, na hakitokei bure: wakati huo kuna programu imefungua maiki. Kikitokea tena usikimbilie kukibofya. Sogeza mshale wa mausi juu yake utulie, yatajitokeza maandishi yanayotaja programu yenyewe. Ikitajwa Chrome, basi kuna ukurasa ndani ya Chrome uliwahi kupewa ruhusa na sasa unaitumia. Ikitajwa Zoom au WhatsApp, nawe hauko kwenye maongezi yoyote, hapo pana jambo la kufuatilia.

Kikikuponyoka, ingia "Settings", kisha "Privacy", kisha "Microphone", ushuke mpaka chini. (Majina ya kwenye kioo nayaandika kama yanavyosomeka kwenye laptopu nyingi zinazouzwa hapa mjini.) Utakuta programu zilizotumia maiki, na nyingi zimeandikiwa tarehe na saa ya mara ya mwisho. Linganisha na saa uliyokiona kialama. Ukurasa huu una orodha mbili, na watu wengi huishia kwenye ya kwanza. Ya juu ni ya programu za dukani kwa Microsoft, kila moja na swichi yake. Ya chini, "Allow desktop apps to access your microphone", ni ya programu za kawaida kama Chrome na Zoom, nazo hazina swichi mojamoja: ni kuziruhusu zote au kuzizima zote. Microsoft wenyewe wameandika palepale kwamba baadhi ya programu hizo huenda zisionekane kwenye orodha wala zisiguswe na swichi hiyo. Ndiyo maana simshauri mtu mwenye siri za biashara aitegemee swichi ya Windows peke yake.

Fundi anayejua kuingia kwenye rejista, yaani daftari la ndani la mipangilio ya Windows, anaweza kukusomea kumbukumbu kamili zaidi. Afungue "regedit", aende HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\CapabilityAccessManager\ConsentStore\microphone\NonPackaged. Kila folda humo ni njia ya faili la programu iliyowahi kufungua maiki, ila alama ya mkwaju imebadilishwa ikawa #. Ndani kuna "LastUsedTimeStop". Ikisomeka sifuri, programu hiyo bado imeishikilia maiki wakati huohuo. Asibadilishe kitu, asome tu.

Sasa Cortana. Kijana hakukudanganya, ila habari yake imechacha. Cortana aliingia kwenye kompyuta na Windows 10 mnamo Julai 2015, na wakati huo kweli alikuwa mlafi: alitaka sauti, kalenda, majina ya watu unaowasiliana nao, mahali ulipo na kurasa unazotembelea, vyote kwa pamoja, ili akufahamu. Mwaka 2019 alitenganishwa na kisanduku cha kutafutia, mwaka 2020 akawa programu ya kujitegemea, na mwaka 2023 Microsoft wakaacha kabisa kuisaidia programu hiyo kwenye Windows. Ukitaka kuhakikisha kaondoka, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi uandike:

Get-AppxPackage -AllUsers Microsoft.549981C3F5F10

Hiyo namba ngeni ndiyo jina lake la ndani. Isipoleta jibu lolote, hayupo. Ikileta mistari, rudia amri hiyohiyo ukiongeza mwishoni | Remove-AppxPackage. Kwa hiyo kialama unachokiona leo sidhani kama ni cha Cortana.

Hata hivyo hofu yenyewe ina msingi, na inafaa ujue inatoka wapi. Msaidizi wa sauti anayeitwa kwa jina lazima awe anasikiliza muda wote, la sivyo hawezi kujua ameitwa. Ndani ya kompyuta kuna kijiprogramu kidogo kinachoshika sekunde chache za mwisho za sauti, kinazilinganisha na mlio wa neno la kumwita, kisha kinazitupa na kushika nyingine. Hadi hapo hakuna kinachotoka nje. Kikiona mlio umefanana vya kutosha, ndipo msaidizi anaamka na sauti inayofuata inasafiri kwenye intaneti hadi seva za kampuni, huko ndiko inakogeuzwa kuwa maandishi. Kwa hiyo kusikiliza ni daima, kutuma ni mara mojamoja. Tatizo lipo kwenye hayo maneno "umefanana vya kutosha". Mtengenezaji akikaza kipimo, mtu ataita mara tatu bila kujibiwa aichukie bidhaa. Akikilegeza, msaidizi anaamka kwa redio ya jirani. Wote hulegeza kidogo. Na vipimo hivyo vimefundishwa zaidi kwa lugha za Ulaya na Asia. Cortana hakuwahi kujua Kiswahili, na Siri naye hakijui.

Hapo ndipo namjibu mdogo wako. Msaidizi wa Mac anaitwa Siri, na tangu macOS Sonoma ya mwaka 2023 mtu anaweza kuchagua aamke kwa neno "Siri" tupu, bila "Hey" mbele. Hebu fikiria ofisi ya Waswahili: "hii ni siri yetu", "neno la siri ni lipi", "usiitoe siri". Yaani anaamshwa na lile neno tunalolitamka tunapotaka tusisikike! Kama anaitumia Mac hiyo ofisini kwako, aingie "System Settings", sehemu ya Siri, achague "Off" kwenye kusikiliza jina, au walau "Hey Siri" pekee. Hapohapo kuna kitufe cha kufuta historia ya Siri na imla. Kisha aingie "Privacy & Security", "Analytics & Improvements", azime "Improve Siri & Dictation".

Hicho cha mwisho kina historia. Mwaka 2019 magazeti yalifichua kwamba vipande vya sauti za watumiaji vilikuwa vikisikilizwa na binadamu, wafanyakazi wa mikataba, ili kupima kama mashine imeelewa. Mwezi Julai The Guardian liliandika kuhusu Siri: vipande vingine vilirekodiwa kwa msaidizi kuamka kimakosa, na ndani yake mlikuwa na mazungumzo ya daktari na mgonjwa. Mwezi Agosti ikaandikwa vivyo hivyo kuhusu Cortana na huduma ya kutafsiri ya Skype. Apple walisimamisha kazi hiyo, kisha wakairudisha kwa wanaokubali wenyewe tu. Januari 2025 walikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri kule Marekani, bila kukiri kosa. Microsoft nao sasa huomba ridhaa kabla binadamu hajasikiliza. Kwa hiyo Mac haina utakatifu wa peke yake. Kilicho bora kwake ni kimoja, nacho ni cha vifaa: Mac mpakato zenye chipu ya T2 na hizi mpya za chipu za Apple hukata waya wa maiki kifuniko kinapofungwa. EliteBook yako haikufanyii hivyo.

Turudi kwako. Kwenye Windows 10 yako njia ya sauti kwenda Microsoft iliyobaki ni "Online speech recognition", ipo "Settings", "Privacy", "Speech". Izime. Utakachopoteza ni kuandika kwa kuongea kwa vitufe vya Windows na H, na sidhani kama umewahi kukitumia. Kisha fungua account.microsoft.com/privacy kwa akaunti iliyo kwenye laptopu, utafute sehemu ya sauti, ufute kilichomo.

Lakini ngoja: akaunti iliyo kwenye laptopu ni ya nani?

Hili ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa mezani kwako, maana kwa laptopu ya mtumba ni zito kuliko Cortana kumi. Fungua "Settings", "Accounts", "Your info". Ukiona barua pepe isiyo yako, ya muuzaji au ya fundi aliyeiwasha mara ya kwanza, basi kumbukumbu zinazotunzwa kwa akaunti zinakwenda kwake. Kibaya zaidi ni OneDrive, hifadhi ya mafaili ya Microsoft iliyoko mtandaoni. Ikiwa imewashwa kwa akaunti hiyo na imeachwa ihifadhi folda zako, daftari lako la Excel lililo "Desktop" au "Documents", lenye majina ya wenye mitumbwi, namba zao za simu na madeni yao, linanakiliwa kwenye hifadhi ya mtu mwingine, naye anaweza kulifungua akiwa kwake Buzuruga bila kukusikiliza hata neno moja. Taarifa hizo za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwenye wajibu wa kuzitunza ni wewe uliyezikusanya.

Angalia pia "Access work or school" kwenye "Accounts" hapohapo. Kukiwa na jina la kampuni usiyoijua, mashine bado inasimamiwa na ofisi ilikotoka. Na bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua "Startup", usome kinachojiwasha chenyewe. AnyDesk na TeamViewer huachwa na mafundi kwa nia njema kabisa, ili wakusaidie wakiwa mbali, lakini ni mlango ulioachwa wazi, na AnyDesk huweza kupitisha sauti pamoja na picha ya kioo. Ziondoe, siku ukihitaji msaada fundi ataziweka upya kwa dakika tano. Kama Windows yako "ilikrakiwa", yaani iliwashwa leseni kwa programu ya kuibia, na fundi alilazimika kuzima ulinzi ili aiweke, hapo siwezi kukuhakikishia lolote kuhusu kilichoingia nayo.

Ukikuta lolote kati ya hayo, dawa ni kuisafisha mashine. Nakili mafaili yako kwenye flashi, kisha "Settings", "Update & Security", "Recovery", "Reset this PC", "Remove everything". Itakuuliza kati ya "Cloud download" na "Local reinstall". Ya kwanza huvuta zaidi ya GB 4, kwa hiyo usiianze kwa bando la siku. Inafaa zaidi pale unaposhuku kwamba Windows iliyomo imechezewa. Ikimaliza, tengeneza akaunti yako mwenyewe. Ikikuonyesha jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya kazini, ilipaswa kufutwa kwenye orodha yao kabla ya kuuzwa. Irudishe dukani, usilipe mtu akuvushe kwa ujanja.

Wakati unasafisha, tazama prosesa. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. EliteBook yenye Intel ya kizazi cha nane au zaidi inapokea Windows 11 bila malipo. Huko utakutana na msaidizi mpya, Copilot, ambaye tangu 2025 naye anaweza kuitwa kwa sauti, "Hey Copilot". Kwa maelezo ya Microsoft, anashika sekunde 10 tu za sauti ndani ya kompyuta akisubiri jina lake, bila kuzihifadhi, na haanzi kusubiri mpaka mwenye mashine awashe kitu hicho. Basi usikiwashe.

Sasa maiki yenyewe. Kwa mtu anayepanga bei chumbani humohumo, naona suluhisho la kweli ni kuizima chini ya Windows, kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiamsha laptopu kabla ya Windows, mahali ambapo programu ya kawaida haifiki na Windows ikiwekwa upya haibadiliki. Zima laptopu kabisa. Iwashe huku ukigongagonga Esc, kisha F10. Nenda "Advanced", "Built-in Device Options", uondoe alama ya tiki kwenye "Microphone", uhifadhi, uache iwake. Kwenye Dell nyingi unaingia kwa F2 na kuitafuta chini ya "Audio". Kwenye ThinkPad ni F1, "Security", "I/O Port Access". BIOS ikikudai neno la siri usilolijua, usibahatishe. Ni la ofisi ya zamani, na aliyekuuzia ndiye wa kulihangaikia.

Hakikisha kwa kujaribu, usiamini tiki. Fungua "Device Manager", sehemu ya "Audio inputs and outputs": "Microphone Array" isiwepo. Fungua programu ya kurekodia sauti, "Voice Recorder": ikuambie haioni maiki. Kama bado inarekodi, ulisahau kuhifadhi ulipotoka. Asiyeweza kuingia BIOS anaweza kubofya kwa kulia jina la maiki kwenye "Device Manager" na kuchagua "Disable device", ila ikizimwa hivyo mtu mwingine mwenye ruhusa za msimamizi anaweza kuiwasha, na draiva (kijiprogramu kinachoiendesha maiki) ikiwekwa upya inaweza kurudi, kwa hiyo akague baada ya kila sasisho kubwa. Selotepu juu ya kitundu haisaidii: kamera huzibwa kwa sababu mwanga hupita mbele tu, sauti hupenya plastiki, tena maiki za laptopu hizi mara nyingi ni mbili.

Siku ukitaka kuongea kwa Zoom au WhatsApp ya kompyuta, chomeka hedifoni za USB zenye maiki. Chagua za USB na si za tundu la duara, maana kwenye baadhi ya mashine kuzima maiki BIOS huzima na ya tundu hilo. Ukimaliza, chomoa. Za bluetooth zikibaki zimeunganishwa ni maiki nyingine iliyolala mezani.

Wapo watakaokuambia, "Tazama bando, lingeisha kama ungerekodiwa." Nusu kweli. Sauti ghafi ya kutambulia maneno ni sampuli 16,000 kwa sekunde, kila moja baiti 2, yaani takriban MB 115 kwa saa. Hiyo ungeiona. Lakini ikibanwa kwa kasi ya kilobiti 24 kwa sekunde, bado inaeleweka vizuri, na saa nzima ni kama MB 11. Siku ya kazi ya saa nane ni kama MB 86. Siku Windows inapojisasisha, MB 86 zinapotea humo kama dagaa watano kwenye gunia. Orodha ya "Data usage" itazame kwa jina la programu usiyoijua. Hesabu ya jumla haitakuambia kitu.

Na lile tangazo la neti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android mwaka 2018. Hawakupata hata moja iliyorekodi sauti kwa siri na kuituma, ila walikuta baadhi zikirekodi kioo. Watangazaji hawahitaji sikio. Simu yako inaonyesha uko Kirumba kila siku alfajiri, uliyeongea naye pengine alitafuta neti mtandaoni kabla au baada ya maongezi, na nyote mnatumia mtandao uleule wa ofisini. Hiyo inatosha kukupangia tangazo, na maiki ya laptopu ikizimwa matangazo hayo yataendelea kuja.

Mwisho, simu iliyo kando ya laptopu ina msaidizi wake, "Hey Google", na unaibeba hadi chumbani. Kwenye programu ya Google gusa picha yako, "Settings", "Google Assistant", "Hey Google & Voice Match", uzime. Android 12 na zaidi huonyesha alama ya kijani juu kulia maiki inapotumika, na ukivuta kioo kutoka juu unaweza kuongeza kitufe cha "Mic access". Kikizimwa, anayekupigia WhatsApp hatakusikia mpaka ukiwashe, kwa hiyo mwelekeze na anayekusaidia dukani kilipo.